Wino wa Daktari Mchina

Mimi hakuna kinachonishangaza tena. Niliingia Doha nikiwa mlinzi wa geti, leo nina mabasi kumi na moja pale Industrial Area, na shule niliishia darasa la tano. Lakini binti yangu anayesoma Marekani aliponitumia karatasi aliyoiandika kwa brashi kwenye siku ya utamaduni wa Kichina, nilifungua bahasha, nikasikia harufu ya wino niliyoijua tangu utotoni.

Nilipokuwa darasa la tano, daktari Mchina alikuja shuleni kwetu kutuonyesha maandishi ya kwao, na wino huohuo, mweusi tii, unanuka moshi na kafuri. Tulipanga foleni kila mtu ajaribu. Brashi ilikuwa imeshafika mkononi mwangu, nywele zake laini, zimelowa, mwalimu akanivuta sikio mbele ya darasa zima.

"Wewe ada hujalipa, unataka kuchafua karatasi za mgeni?"

Wakacheka. Sikurudi tena.

Mwalimu huyo sasa anaishi kwa mwanawe, mji uleule wa binti yangu, na sherehe hizo za Wachina hazimpiti. Nimemfuatilia miaka yote. Sherehe iliyofuata nikailipia mimi, ukumbi, wino na karatasi, ili aone nimekuwa nani, jina langu likabandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Nikampigia binti.

"Mwalimu amelisoma?"

"Kwa sauti, baba. Akaniuliza, 'Huyu bwana mkarimu ni nani? Mwambie Mungu ambariki.'"

"Hakunikumbuka?"

"Hata kidogo. Akachukua karatasi mbili."

Kisasi hicho kimenigharimu dola mia sita arobaini na tatu.