Mtumbwi wa Mtu Mmoja

Lami ikiyeyuka ndani ya kopo hutoa harufu inayokaa puani siku nzima, nzito, tamu kidogo, kama sukari iliyoungua pamoja na mpira. Hata leo mafundi wa barabara wakiwasha moto chini ya pipa lao hapa Isiolo, watu hufunika pua kwa leso na kuharakisha, lakini mimi husimama nikavuta pumzi. Harufu hiyo hunirudisha kwenye msimu mmoja, miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilipokuwa msichana wa darasa la tano niliyeshikilia kwamba ni lazima nitengeneze mtumbwi, katika mji wa mbuzi na ngamia ambako wengi wa majirani zetu hawakuwa wameona mtumbwi hata kwenye picha. Nimejaribu kuandika habari hii tangu nilipoanza kujifunza kuandika, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari na kamusi isiyo na jalada, na kila mara nimeichana kwa sababu sentensi ya kwanza haikunyooka. Leo nimeamua kuiacha kama ilivyo.

Baba alikuwa fundi wa pampu za maji. Alizaliwa kando ya ziwa, upande ule mwingine wa nchi, na kazi ndiyo iliyomleta huku kwenye vumbi. Mama alibaki nyumbani na shamba na wadogo zangu. Mimi nililetwa nisome na nimpikie baba. Lakini huyo wa kupikiwa mara nyingi hakuwapo. Pampu ikiharibika Kinna alikwenda Kinna, ikiharibika Kipsing alikwenda Kipsing, akapanda lori na kisanduku chake cha spana, akaniacha na funguo, unga, na jirani mmoja aliyechungulia jioni kuuliza kama nimefunga mlango. Nilikuwa nimeufunga. Nilikuwa nimeufunga, nikausukuma, nikakaa, nikarudi kuusukuma tena. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Sufuria zangu zilipangwa kwa ukubwa, na moja ikisogea nilizipanga zote upya, maana katika nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine wa kunishughulisha. Baba aliporudi, akiwa amechoka na ananuka dizeli, alikula, kisha akaanza kusimulia ziwa. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Samaki wa ukingoni ni wa watoto, mama," alisema. "Anayetaka kuvua kweli anaingia kwenye mtumbwi, anawafuata wanakokaa." Safari moja, akifunga kisanduku chake, aliniahidi kwamba akirudi tutavua pamoja. Hakusema tutavua wapi. Nadhani alisema tu ili nisilie.

Mwaka ule mvua ilinyesha kupita kiasi. Mto Isiolo ulifurika, ukatoka njiani, ukajaza shimo kubwa lililochimbwa murram, udongo mwekundu wa barabara, upande wa Burat, na maji yalipotulia shimo likawa ziwa dogo la rangi ya chai ya maziwa. Pamoja na maji walikuja samaki. Hakuna aliyewajali. Waliokuja pale walikuja kunywesha mifugo, na kwa wafugaji wale samaki hakuwa haramu, alikuwa tu si chakula, kama vile mimi nisivyofikiria kula panzi. Mimi niliona mgongo wa kambare ukipasua maji karibu na kwato za mbuzi, nikakimbia nyumbani kutafuta ndoana ambazo baba alizihifadhi kwenye kikebe cha misumari, ndoana za ziwa alizozibeba akijua kabisa hatazitumia.

Pale ndipo nilipompata Darmi. Alikuwa msichana Mborana wa umri wangu, mwembamba, ana shanga nyekundu shingoni na fimbo ndefu kuliko yeye, na alichunga mbuzi wa mama yake; familia yao ilikuwa imepiga kambi ng'ambo ya shimo kwa muda wote maji yangekuwapo. Kulikuwa na jiwe moja bapa ukingoni, nami nilikaa juu yake na uzi wangu. Alikuja akasimama nyuma yangu bila salamu. Nilipovuta kambare wa kwanza akapiga kelele, akaruka nyuma, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe nakula nyoka?" aliniuliza. Nikamwambia si nyoka, ni samaki. Akamtazama yule kambare na sharubu zake. "Nyoka iko na ndevu," akasema, na kwake jambo likaisha hapo. Lakini kesho yake alikaa kwenye jiwe pembeni yangu, akaninyang'anya uzi, akatia donge la ugali kwenye ndoana. Alitaka kuvuta tu. Uzi ulipotikisika alifumba macho akanong'ona, "Sikia, inanisalimia." Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Mimi nilivuta kwa wasiwasi, mapema mno. Yeye alingoja salamu ya pili.

Samaki mwenyewe hakumgusa hata mara moja. Alimwinua kutoka majini, akamwacha ananing'inia mbali na nguo yake, akaita, "Binti Pampu, kuja utoe nyoka yako." Kazi ya kumtoa ndoana ilikuwa yangu, na kambare ana miiba kwenye mapezi inayochoma kama sindano, kwa hiyo lazima ujue pa kumshika. Nilimsahihisha kila siku. "Sema njoo. Sema nyoka wako." Akasema, "Nyoka wako, nyoka yako, itoe." Tulikuwa hivyo, yeye hagusi, mimi sijui kuvua, na kwa wawili tulipata samaki wa kutosha sufuria. Jiwe lilitutosha tukikaa bega kwa bega. Jioni alirudi na mbuzi, mimi nikarudi kwenye nyumba ya kusukuma mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nije Isiolo nilikuwa na kitu cha kungojea asubuhi.

Ningeweza kutosheka na hilo. Lakini maneno ya baba yalikaa kichwani mwangu, na kila kambare tuliyemtoa alionekana kwangu kuwa wa mazoezi. Wakubwa, niliamini, walikuwa katikati, mahali uzi wetu haukufika. Na baba angerudi. Angenikuta nimekaa kwenye jiwe kama mtoto, au angenikuta na mtumbwi? Nyuma ya nyumba kulikuwa na bati la kijani lililobaki alipojenga banda la vifaa. Nililigonga kwa nyundo juu ya mawe mpaka mikunjo yote ikalala, nikalikunja, nikapigilia kila mwisho kwenye kipande cha mbao. Likawa na umbo. Kisha nikaona matundu. Bati lile lilikuwa limetumika, na kila msumari wa zamani uliacha jicho lake. Barabarani, mahali lami mpya ilipoishia, mafundi walikuwa wameacha mabonge meusi. Niliyayeyusha kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikachovya vipande vya gunia, nikaziba. Ili kujua panapovuja niliujaza mtumbwi maji, nikalala chini kati ya matofali yaliyouinua, nikatazama tumbo lake kwa chini. Tone likionekana, nilimwaga yote, nikakausha, nikaanza tena.

Darmi alinifuata kuona kilichonizuia. Aliuzunguka mtumbwi, akaugonga kwa fimbo. Mbuzi mmoja aliyekuja naye alitia mdomo ndani akanywa maji yangu ya majaribio, nikamfukuza kwa kelele nisiyojua ninayo. "Na mimi nakaa wapi?" Darmi aliuliza. Nikautazama. Bati moja hutoa mtumbwi wa mtu mmoja, tena mtoto. Sikuwa nimefikiria, si habari ya Darmi tu, hata ya baba, ambaye asingeingiza hata mguu. Nikamjibu haraka, kama mtu anayejibu swali la mwalimu, "Wewe utabaki ukingoni." Aliwaswaga mbuzi wake akaenda. Siku zilizofuata upepo ukivuma kutoka shimoni nilimsikia akiita kuhusu nyoka, nami nikajibu kwa sauti nisiyodhani ilifika, "Nakuja." Baadaye aliniambia kwamba alipokosa mtu wa kumtoa samaki alikata uzi kwa meno akamwachia na ndoana. Ndoana za baba ziliisha hivyo, mdomoni mwa kambare, ikabaki moja tu niliyokuwa nayo nyumbani.

Mtumbwi ulikuwa hauvuji tena, lakini sikuridhika. Upande mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine kwa unene wa kidole. Nikaunyoosha, msumari ukatoka, tundu likarudi. Mvua zilikuwa zimekatika zamani na sikuziangalia. Siku niliyosema sasa basi, nikauburuta kwa kamba mpaka shimoni, sikulitambua shimo. Jiwe letu lilikuwa limesimama peke yake kwenye udongo mkavu uliopasuka, mbali na maji, na ukingo ulikuwa umehamia katikati, pale nilipodhani wanakaa wakubwa. Kilichobaki ni dimbwi. Darmi alikuwa pale na mbuzi. Alinitazama nikija na bati langu la kijani, na sijui kama alinihurumia au alichoka, maana aliweka fimbo chini akaja kunisaidia kusukuma. Maji yalimfika magotini. Nikaingia. Mtumbwi ukayumba, ukatulia, ukaelea. Nina hakika ulielea, ingawa haukuchukua muda. Nikatupa uzi wenye ndoana ya mwisho, nikiwa nimekaa katikati ya maji kama baba alivyosema, na nilichoona kutoka pale ni jiwe tupu kule juu. "Inakusalimia?" Darmi aliuliza, akiwa amesimama kwenye tope. Nikasema hapana. Tumbo la mtumbwi likakwaruza chini, tukasimama.

Mama yake alikuja wakati huo na mbuzi wengine. Alikuwa mwanamke mrefu, shuka begani, na kila aliponisalimu "salaam aleikum" mimi nilijibu "mzuri", na Darmi alicheka kila mara. Siku ile hakucheka mtu. Mbuzi walikuwa wakizama kwenye tope ili wafike majini, na walipofika waliyakanyaga yakawa uji. Mama Darmi alitazama mtumbwi. "Mtoto, hiyo kitu inashika maji?"

"Ni mtumbwi," nikasema.

"Nimeuliza kama inashika maji."

"Inashika," Darmi akanijibia. "Kila siku huyu anajaza, anaangalia, anamwaga."

Wakanishusha. Wakauvuta mpaka penye udongo mgumu, wakachota maji safi ya katikati kwa mtungi, wakaujaza. Mbuzi wakajipanga pande zote mbili wakanywa bila kukanyaga tone. Nami, niliyemfukuza mbuzi mmoja kwa kelele, nilisimama na uzi mkononi nikiinama kuangalia kama kuna panapovuja. Hapakuwa na mahali. Siku ya pili yake waliondoka kuelekea upande wa Kinna, kwenye visima. Mama Darmi aliniuliza kama baba atakasirika wakiuchukua, nikasema hatakasirika. Waliufunga kifudifudi juu ya punda, na punda akaonekana kama kobe. Darmi alipita mbele yangu na fimbo yake. "Binti Pampu," akasema, "mbuzi itaingia mtumbwi. Wewe baki ukingo." Alikuwa anatania. Mpaka leo najiambia alikuwa anatania.

Baba aliporudi hakuuliza habari ya kuvua, nami sikumkumbusha. Ilipita miezi. Kisha alirudi kutoka Kinna akanawa mikono, akakaa, akaniambia ameona bati lake la kijani. Lilikuwa kando ya kisima, mbuzi wananywea. "Nikasema, hili bati nalijua. Nikalizunguka, nikapitisha mkono chini. Pakavu kabisa. Mama, nani alikufundisha kuziba hivyo?" Nilisema hakuna. Akatikisa kichwa kama afanyavyo mbele ya pampu iliyotengenezwa vizuri na fundi mwingine. Nilikuwa nimengoja sifa hiyo msimu mzima, na ilipokuja niliinuka nikaanza kupanga sufuria upya. "Kulikuwa na msichana pale," baba akaongeza. "Ameniambia nikupe salamu, ati huko hakuna nyoka ya kutoa. Alikuwa na maana gani?" Nikamwambia sijui.

Shimo la murram limejengwa sasa. Watu wanalala juu ya jiwe letu bila kujua. Baba amestaafu, amerudi ziwani kwenye mitumbwi yake ya kweli, ananiandikia nirudi nami sirudi. Katika ile kamusi isiyo na jalada nilikuta kwamba hori ni mtumbwi mdogo, na kwamba hori ni chombo cha kunyweshea wanyama, neno moja kwa vyote viwili, na nikakaa nalo asubuhi nzima kana kwamba mtu alikuwa amenisamehe kitu. Darmi sikumwona tena. Baadhi ya Jumamosi nashuka mto Isiolo na uzi, nakaa ukingoni, nami siku hizi najua kungoja salamu ya pili. Kambare akija namwinua kutoka majini, namwacha ananing'inia kidogo mbali na nguo yangu. Mkono unajua pa kumshika, lakini haumshiki mara moja. Nangoja mtu aniambie nikuje nitoe nyoka yangu, na angesema hivyo hivyo, kama Darmi, nisingemsahihisha.