Majibu Aliyoyajua Mdogo Wangu

Mjukuu wangu, andika kama ninavyosema, wala usinipambie.

Juzi nilipita mtaa wa Ng'ambo, karibu na shule ambako watoto wa darasa la saba wamewekwa kambini kujiandaa na mtihani. Walikuwa wakikariri majibu kwa pamoja, na harufu ya makande yao ilifika barabarani. Wewe msomaji, rafiki yangu, huenda ungefurahi kuwasikia. Mimi nilikumbuka kijiji chetu cha Goweko, moyo ukaniuma.

Kwetu tulilima tumbaku. Mimi, niliye mkubwa, sikupelekwa shule. Mikono yangu ilihitajika shambani. Mdogo wangu alipelekwa, nasi tukapatana: atakapochaguliwa kuendelea na masomo, hata akawa mwalimu, atanifundisha kusoma. Basi mwaka wake wa mwisho nilibeba kazi za wawili. Nilichota maji, nikatwanga mtama, nikafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti mpaka utomvu ukanigandia vidoleni kama lami, na hata matobolwa niliyokula, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yakawa machungu. Yeye aliketi kando ya bani la kukaushia tumbaku, akisoma kwa sauti. Jirani yetu alizoea kututania: "Mmoja anasoma, mwenzake anatoka jasho! Mtihani huo mnafanya wangapi?"

"Wawili," mdogo wangu alijibu bila kuinua macho.

Asubuhi ya mtihani bibi yetu alikoroga unga mweupe wa mtama kwa maji, akampaka mdogo wangu kwenye paji la uso, kama walivyobarikiwa, kwa maneno yake, wapagazi wa kale kabla ya kushika njia ya pwani. Baba akatusindikiza. Tulipokaribia shule alisimama, akamwambia mdogo wangu kwa upole, na upole huo ndio nisioweza kumsamehe:

"Mwanangu, leo ujibu hovyo. Wenye kukuposa wameshakuja, nami nimewakubalia. Ukichaguliwa, nitawaambia nini?"

"Ndiyo, baba."

Jioni nilimwuliza kama mtihani ulikuwa mgumu.

"Asiyejua hupatia mojamoja kwa bahati," alisema. "Mimi nilijua yote, dada. Kwa hiyo nimeyakosa yote."

Majina ya waliochaguliwa yaliposomwa, lake halikuwemo. Mwalimu wake alikuja nyumbani, akakaa mbele ya baba pasipo kuyagusa maji aliyokaribishwa. "Mungu hakupanga," baba alimwambia. Bibi, ambaye hakuambiwa kitu, aliamini hadi kufa kwake kwamba unga wake ulikuwa na kasoro. Mdogo wangu akaolewa, akaenda kufunga tumbaku ya watu wengine. Nami herufi sizijui hata leo.

Wazee hao wamezikwa. Bani letu limebomoka, mchwa wamejenga kichuguu mahali alipokuwa akiketi, na sauti ile ya kusoma haisikiki tena. Nilidhani na desturi ile imezikwa pamoja nao. Lakini mwaka jana, kwenye msiba huko huko Goweko, nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba binti aliyekuwa akiongoza darasa lake ameshindwa mtihani, na posa yake ilikuwa imepokelewa mapema. Kisha baba wa binti huyo akaja kunisalimia, akainama kwa adabu na kuninyooshea mkono.

"Shikamoo, bibi."

Nilimtazama usoni mpaka akaurudisha mkono wake. Marahaba sikumpa.