Steringi Hafi

Tulipokuwa watoto, tukiogopa picha, tuliambiwa neno moja tu: steringi hafi. Shujaa wa picha atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Mjini kwetu Arusha aliyehakikisha hafi alikuwa baba yangu, opareta wa jumba la sinema la zamani, si mbali na chumba tulichopanga Kaloleni.

Sitanii. Ililetwa picha moja ya Kihindi ambayo steringi wake alikufa kweli, mwishoni kabisa, mikononi mwa mama yake. Onyesho la kwanza watu walivunja viti. Walimfuata baba mpaka mlangoni pa chumba cha mashine wakamwita mwizi, utadhani yeye ndiye aliyefyatua risasi. Kesho yake akachukua mkasi, akakata kile kifo, akaunga mkanda kwa gundi. Tangu hapo steringi alianguka, mama yake akapiga ukunga, na taa zikawaka. Watu walitoka wakibishana kwa raha kama risasi ilimpata begani au ubavuni. Kipande chenyewe baba alikipeleka wapi, sikujua wala sikuuliza.

Jumapili mchana ilikuwa zamu ya akina mama. Walikuja na mabuibui yao, watoto mgongoni, bisi kwenye mifuko ya karatasi, na walilia mpaka wanakoma. Siku za mnada walikuja wafugaji kutoka Oldonyo Sambu, wakaacha fimbo zao kwa mkata tiketi na kukaa mistari ya mbele. Kiswahili cha wengine kilikuwa cha kubahatisha na Kihindi hatukukijua sote, lakini jambazi akijificha nyuma ya mlango, jumba zima lilimwonya steringi kwa kelele moja.

Halafu zikaja video. Mabanda yakaota kila kona, na ndani yake mtu anapiga domo juu ya sauti ya picha akijiita mtafsiri. Baba aliwadharau. Dharau haijazi viti. Jumba likawa ukumbi wa harusi, kisha watu wa maombi wakalikodi, kisha likawa ghala la maharage. Viti viling'olewa, popo wakahamia darini, na mkojo wao ukachora ramani ukutani. Baba alibaki kuwa mshika funguo. Kila asubuhi alipanda ngazi akafuta vumbi kwenye mashine isiyowaka, na mimi nilimwonea aibu mbele ya rafiki zangu. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli.

Kiharusi kilipompoozesha upande wa kushoto, tulimhamishia Maji ya Chai, kwenye nyumba ya ukoo. Nilikwenda kila Jumamosi, na kabla sijakaa aliniuliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Jumba langu linasemaje?"

"Lipo, baba. Linakusalimu."

Siku moja mlinzi wa jumba alinipigia simu. "Dada, njoo. Wameleta katapila." Nilipofika, ukuta wa mbele ulikuwa umeshalala. Ule wa nyuma ulisimama bado, na vile vidirisha viwili ambavyo mwanga wa mashine ulipitia. Sasa ungeweza kuona Mlima Meru kupitia tundu la baba. Muuza maandazi alifunika ndoo yake kwa khanga kuzuia vumbi, akaendelea kuuza. Nilisimama pale nalia kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Jumamosi ile aliniuliza kama kawaida. Nikautazama mkono wake uliokauka juu ya blanketi, nikasema, "Lipo, baba. Wamelipaka rangi." Akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Wiki zikawa miezi, nami nikaongeza bati jipya na taa mlangoni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifika mwisho siku aliyoniambia nifunge mlango.

"Chumba cha mashine," alisema polepole, ulimi mzito. "Nyuma ya ubao wa swichi kuna kopo la biskuti. Kile kipande kimo humo. Niletee nikishike."

"Kipande gani, baba?"

"Cha kifo. Yule kijana alikufa vizuri kuliko wote niliowaonyesha, nami nikamnyima." Akapumua. "Nilitaka nipone nikakitoe mwenyewe. Ulisema jumba lipo, nikaona sina haraka."

Nilikwenda. Palikuwa na uzio wa mabati na shimo la msingi. Mlinzi akaniambia vifusi vilikwenda kujaza barabara, hakumbuki ipi. Nilizunguka barabara tatu za vumbi nikipekua kwa kijiti. Nilipata vipande vya vigae na soli ya kiatu.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia ukweli.

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na rangi?"

"Hakuna rangi, baba."

"Kumbe uliwasha taa," akasema, "na mimi nikatoka zangu nafurahi." Akageuzia uso ukutani. Hakuniuliza tena habari za jumba.

Mvua zilipoanza alishindwa kumeza hata uji. Daktari alinivuta kando akanieleza, bila kuzunguka, kilichobaki na muda wake. Nikarudi chumbani, nikapanga uso wangu, nikasema, "Baba, daktari anasema unaendelea vizuri."

Alinitazama kwa lile jicho lake zima.

"Usikate, mama," alisema. "Safari hii nionyeshe mpaka mwisho."

Nikavuta kigoda karibu na kitanda, nikamwambia yote.