Klearista na Mifupa ya Shujaa

Watu wa kisiwa chetu wakimtaja Klearista husema alikuwa mwanamke mpole, mfumaji hodari, mjane aliyejikalia kimya. Mpole! Nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa, na nawaambia mwanamke yule alikuwa na kinyongo cha kulitosha jeshi zima. Simlaumu. Ningekuwa mimi, ningemtilia Hagnon sumu kwenye dengu na mambo yakaisha. Yeye alichagua njia ndefu.

Hagnon alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Mumewe mwenyewe, Sotion, alikuwa mtu wa kucheka ovyo na wa kufanya kazi kama punda. Walipooana hawakuwa na kitu ila kipande cha mlimani chini ya miamba miwili, chenye mzeituni mmoja tu, mahali ambapo hata mbuzi walipita haraka. Wakapanda mizeituni mingine. Wewe unayeona mafuta yakiwa tayari mtungini hujui maana ya maneno hayo. Kiangazi baada ya kiangazi Klearista alipanda mlima na mtungi wa maji kichwani, akaunywesha kila mche, akateremka chemchemi kuchota tena. Mtoto hawakujaliwa. Watu wakiwaonea huruma, Sotion aliwaambia, "Watoto tunao, wamesimama kule juu, tena hawadai viatu."

Mizeituni ilipoanza kuzaa vizuri, Sotion akashikwa na homa akafa. Maombolezo hayajaisha, Hagnon akasimama mbele ya wazee, pale kwenye mawe ya baraza, akasema mjane asiye na mtoto hana ardhi, ardhi hurudi kwenye damu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Walikuwa wameshakula mwanakondoo kwake, na mafuta yalikuwa bado yanang'aa kwenye ndevu zao.

Klearista aliomba kitu kimoja tu. "Shemeji, niachie mizeituni. Nyumba chukua, mbuzi chukua. Ile mizeituni nimeilea kwa kichwa changu hiki."

"Si kichwa chako kitapumzika sasa?" Hagnon akamjibu, na watu wakacheka. "Nenda kasokote sufu, mama. Ukiishiwa mafuta, utakuja kuomba kwangu."

Hakulia. Alikuja kwangu, akaketi karibu na jiwe la kusagia, akasema, "Shoga, sitaki tena anirudishie. Nataka asile hata zeituni moja ya pale. Hata moja." Nikadhani ni uchungu unasema na utapita. Haukupita.

Sasa, hapa kwetu kila mtu anamjua Lykothoos. Alikwenda vita vya Troia na merikebu yake moja, akaua wakuu wa adui mchangani, akagombana na wafalme juu ya nyara, akarudi nyumbani amefura kwa hasira, na siku aliyotia nanga jamaa zake mwenyewe wakamchoma mkuki. Mkewe ndiye aliyewafungulia njia. Kaburi lake halijulikani. Shayiri ikinyauka, ni Lykothoos kakasirika. Mbuzi akizaa mfu, ni Lykothoos. Tumemtafuta tangu enzi za mababu, kwa sababu mji wenye mifupa ya shujaa wake haushindwi vitani. Na mahali alipolala shujaa, pakishajulikana, huzungushiwa ukuta pakawa pake. Hapalimwi, hapachumwi, hapakatwi hata tawi.

Klearista alikuwa ameusikia wimbo wa Lykothoos tangu utotoni kama sisi sote. Tofauti ni kwamba mwaka ule aliusikiliza vizuri.

Aliyeuimba alikuwa Molpis, malenga mzee aliyekuja kila mwaka kwa sherehe za mavuno ya zabibu, kinubi mgongoni na tumbo mbele. Desturi yetu ni kumpa malenga mnofu wa mgongo, lakini Hagnon ni mkono wa birika, na mwaka uliotangulia alikuwa amempa mbavu zilizokwanguliwa. Klearista akamkaribisha Molpis kwake. Akachinja nguruwe wake wa pekee. Mimi nilikuwa pale nikigeuza nyama, na niliyasikia yote.

"Hivi, baba, huyu Lykothoos alianguka wapi hasa?"

"Ufukweni, binti yangu. Wimbo unasema ufukweni."

"Ufukwe wote huo? Chukua hiki kipande, kina mafuta. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema alikimbia na mkuki ubavuni, akapanda mlima, akaangukia chini ya miamba miwili huku akiitazama bahari."

Molpis akatafuna polepole. Hakuwa mtoto. "Bibi yako alikuwa na masikio mazuri," akasema. "Na hapo kwenye miamba palikuwa na maji?"

"Chemchemi, chini kidogo."

"Chemchemi inapendeza. Mtu anakufa kwa kiu huku anasikia maji yanatiririka. Hapo hata wanaume hulia."

"Basi mpe kiu, baba."

"Nitampa. Ila usiku kuna baridi baharini, na joho langu unaliona lilivyo."

Klearista akaenda kwenye sanduku, akatoa joho la Sotion, lile alilomfumia kwa harusi, akamfunika nalo mabegani. Niliona vidole vyake vikichelewa kuachia.

Sherehe ilipofika, Molpis aliimba mpaka vikombe vikasahaulika mikononi. Lykothoos akapanda mlima huku damu ikimtoka, akayasikia maji, akashindwa kuyafikia. Wanaume walilia kweli. Aliyelia kuliko wote ni Hagnon. "Miamba miwili na chemchemi!" akawa anapiga paja lake. "Jamani, si kwangu pale? Shujaa kafia kwangu!" Alilewa kwa fahari kabla hajalewa kwa divai. Klearista alimimina kikombe kingine akampelekea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Kesho yake, watu wote wangali wamelala na vichwa vikiwagonga, Klearista aliazima punda wangu. Alisema anakwenda kutafuta jiwe la kusagia. Nyuma ya mlima kuna bonde ambalo mvua hufukua mifupa mikubwa, ya majitu ya zamani, na sisi huwa hatuigusi. Aliigusa. Alirudi jua la saa sita likiwa kali, pindo la nguo lina udongo hadi magotini, na jiwe la kusagia hakuna. Nikamtazama. Akanitazama. Nikampa punda maji.

Hagnon aliifukua mwenyewe kwa jembe lake, siku alipokwenda kuchimbia mizeituni mashina. Mfupa wa paja uliomfika kiunoni, vipande vya taya, na ncha ya mkuki wa shaba iliyoota kutu ya kijani. Mtu mwenye akili angepiga kelele za furaha, mji ungemshika mkono. Lakini Klearista alimjua shemeji yake. Hagnon alijua shujaa akipatikana shamba limekwenda, na zeituni zilikuwa zimeanza kuiva. Akaizoa mifupa yote akaifukia kwenye samadi.

Kibarua wake alimwona. Hadi jioni kila mwanamke kisimani alikuwa anajua.

"Lykothoos kwenye mavi ya ng'ombe!" wakapiga mayowe. "Miaka yote tunanyauka, kumbe kuna mtu anamfanya mbolea!"

Mji mzima ukaenda na mapanga na marungu. Walimtoa Hagnon kitandani akiwa na shati tu, wakamfanya achimbue samadi kwa mikono yake, aoshe kila mfupa kwa divai na kuubusu. Alikiona cha mtema kuni. Mwaguzi akapima maini ya kondoo, akatoa hukumu: shamba la miamba miwili ni la shujaa milele, lijengewe ukuta, Hagnon atoe fahali kila mwaka kwa ajili ya dharau yake, na kwa kuwa aliyewafungulia wauaji njia alikuwa mwanamke, mwanamke asikanyage ndani ya ukuta ule.

Hilo la mwisho Klearista hakulipanga. Nilimgeukia haraka. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Sawa tu," akasema.

Tangu hapo zeituni ziliiva, zikaanguka, zikaozea chini, ndege wakanenepa. Miiba ikaota mpaka kwenye matawi. Klearista alipenda kukaa nje ya ukuta na kijiti chake cha kusokotea, akisokota sufu, na Hagnon akipita alimwamkia kwa sauti tamu.

"Shikamoo shemeji! Umeona mwaka huu zilivyozaa?"

Hagnon alipita akitazama chini. Alizeeka haraka, mashavu yakaingia ndani. Mimi nilicheka kila mara, sioni aibu kusema.

Kisha ukaja ule mwaka wa upepo mkavu. Moto ulianzia bondeni, mahali wachungaji walipowasha kuni zao, ukapanda mlima unanguruma. Wanaume wote walikimbia juu na mashoka. Kilichohitajika kilikuwa kidogo: kukata miiba ndani ya ukuta na kusafisha ukanda, moto ukose chakula. Wakafika ukutani, wakasimama. Hakuna aliyethubutu kukata tawi la Lykothoos. Mwaguzi akasema shujaa atajilinda mwenyewe.

Klearista alikuwa palepale, nami pembeni yake. Hagnon alitujia akihema, masizi usoni, akamshika mkono.

"Shemeji, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Ile ncha ya mkuki ni ya baba yako. Niliitambua siku ile ile. Nani angenisikiliza mimi, mtu wa samadi? Wewe watakusikia. Waambie si Lykothoos, waingie wakate!"

"Wakinipiga mawe je?"

"Nitasema ni mimi niliyeizika. Naapa kwa kaburi la Sotion. Wanipige mimi. Wewe itikia tu kwamba ni kweli. Neno moja, dada yangu. Shamba lichukue, mizeituni ichukue, sitaki kitu. Isiungue tu!"

Nilisema, "Klearista, sema." Ndiyo, mimi niliyecheka miaka yote. Miti ile ilikuwa mbele yetu, na moshi ulishaanza kupita katikati yake.

Aliitazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa akiihesabu kama mama anavyohesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Kisha akamtazama Hagnon, na nikaona kwamba alichokuwa akikitaka maisha yake yote kilikuwa kimesimama mbele yake, kinalia, kinaomba.

"Kasokote sufu, shemeji," akasema.

Moto ukaruka ukuta. Miiba ililipuka kwanza, halafu matawi, na mafuta yaliyomo kwenye miti yakaifanya iwake kama mienge. Joto lilitusukuma nyuma. Wanaume walijifunika nyuso wakimlilia Lykothoos. Hagnon alipiga magoti pale pale kwenye changarawe, akawa anaonyesha kwa kidole mti mmoja mkubwa karibu na mwamba, uliokuwa wa mwisho kushika.

"Ule si wenu," akasema. "Ule tuliupanda mimi na Sotion tukiwa watoto wadogo. Tuliuiba kwenye bustani ya mtu, tukachapwa wote wawili. Ndiyo maana nililitaka shamba. Kaka mtu nina haya, ningesemaje mbele ya wazee kwamba nalilia mti wa utotoni?"

Klearista hakujua. Niliuona uso wake. Sotion hakuwahi kumwambia. Alisimama akiutazama mti ule mpaka matawi yake yakashika moto.

"Basi na huo umeungua," akasema.

Akajifunika mtandio, akaanza kushuka mlima. Nilimfuata. Njia nzima alikuwa akilia kwa sauti, na kila nilipomgusa bega aliniambia nimwache, kwamba analia kwa furaha.