Wimbo Niliomtafsiria Mke Wangu

Kosa tunalofanya wengi ni kudhani kwamba wimbo uliomo kwenye filamu ya mapenzi ya kuchekesha lazima uwe wa mapenzi. Nimelifanya mimi, tena nikiwa mwalimu wa Kiingereza.

Nina miaka sitini na sita, mstaafu, nimefiwa na mke, naishi Makoko hapa Musoma. Admin wa kundi, jina langu libaki kwako.

Marehemu alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Buswahili, aliishia darasa la saba. Alikuwa na filamu moja aliyoirudia mpaka CD ikakwaruzika. Ilitafsiriwa kwa Kiswahili na DJ, na mnawajua hao: maongezi wanatafsiri, wimbo ukianza wanasalimia watu wa mtaani kwao. Nyimbo zenyewe zilikuwa roki ya zile bendi ndogo zinazojirekodi bila kampuni kubwa, gitaa moja na sauti ya mtu kama ndiyo kwanza ameamka. Mwishoni wapenzi wanakimbizana kwenye mvua wakicheka, wimbo unapigwa.

"Mwalimu, huyu anasemaga nini?" aliniuliza.

Sikuwa nimeshika hata mstari. Niliona aibu. Nikawatazama wale wanaocheka, nikajibu, "Anasema nisubiri, nitarudi."

Mwaka uliofuata nilikwenda Dar kusoma shahada, miaka mitatu. Aliuimba kwa maneno yangu akianika dagaa. Alinisubiri. Hata alipolazwa mara ya mwisho aliuimba.

Sasa binti yetu ana send-off, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, Bunda Jumamosi hii. Anataka kuingia ukumbini na wimbo huo, mimi nisimame nieleze maneno yake. Nikamwambia nimesahau.

"Baba, acha hizo! Mwalimu mzima? Mama alikuwaga ananiimbia wote. Nisubiri, nitarudi. Hayo ndiyo nataka watu wasikie."

Juzi nimeyasoma maneno kwenye simu. Yule kijana anasema harudi. Anamwambia mwanamke agawe koti lake, chumba apangishe mwingine. Watengenezaji wa filamu hufanya hivyo makusudi: picha inacheka, wimbo unalia, ili mtazamaji asishibe furaha upesi. Jambo hilo nimelifundisha darasani kwenye ushairi, miaka yote.

Sikulia. Nilikunywa chai, nikawapa kuku pumba. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia lakini husikii sakafu.

Nikimwambia binti yangu ukweli, namnyang'anya kitu alichoachiwa na mama yake. Nikinyamaza, upande wa muoaji wamo wanaojua Kiingereza, watamsikia bibi harusi akiingia na wimbo wa kuachwa, na baba yake amesimama anawadanganya kwa kipaza sauti.

Wanangu, ningekuwa baba yenu mngetaka nisemeje? Nishaurini kabla ya Jumamosi.

Na wewe unayesoma, leo muulize mwenzako wimbo anaoupenda, kaeni, usikilizeni mpaka neno la mwisho.