Besi ya Mwalimu Eliasi

Huko Oldonyo Sambu, siku za kazi Eliasi Laizer ni mkulima wa maharage. Jumapili ni mwalimu wa bendi ya matarumbeta ya usharika. Yeye mwenyewe hupiga besi, lile tarumbeta kubwa linalombana mtu kifuani, na akilipuliza vizuri vioo vya kanisa hutetemeka.

Katika wanafunzi wake alikuwapo Namnyaki, binti wa miaka kumi na mmoja, hodari wa tarumbeta kuliko wote. Mwaka jana, Pasaka ikikaribia, sauti za juu zilianza kumponyoka. Wenzake wakasema ameanza kuringa, hafanyi mazoezi. Eliasi hakumgombeza. Alimwita kando.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu. Ila jino linacheza."

Lilikuwa jino la mbele la juu, la ukubwani. Limeinama, na ukiligusa linatikisika. Mtoto hakuwa ameanguka wala kupigwa.

Jioni ile Eliasi akaenda kwa Nalepo, mama wa mtoto, akamkuta anakamua ng'ombe. Nalepo alicheka, akamwonyesha pengo lake la chini, la meno aliyong'olewa utotoni kimila.

"Mwalimu, nimekula na pengo hili mpaka nimezaa watoto watano. Likitaka kutoka, si litoke?"

"Yako, mama Namnyaki, waliyang'oa watu unaowajua. Hili la mtoto analing'oa nani?"

Nalepo akaacha kukamua. Wiki iliyofuata walishuka mjini wote watatu.

Hospitalini mtoto alipigwa picha ya eksirei, na Daktari Zakia akawaonyesha kwa ncha ya kalamu. Juu ya jino lile, ndani ya mfupa, lilikuwapo jino jingine dogo, la ziada, limelala ubavu. Limekosa njia ya kutokea, limeugandamiza mzizi wa jirani yake mpaka karibu nusu ya mzizi imeliwa.

"Mbona hajalia hata siku moja?" Nalepo akauliza.

"Mara nyingi hayaumi, mama. Ndiyo maana watu hatuwaoni mapema."

Jino la ziada likatolewa kwa upasuaji. Mzizi ulioliwa haurudi, daktari alisema, lakini jino lisiposukumwa laweza kukaa miaka mingi. Tarumbeta basi, akaongeza, maana lingelisukuma. Namnyaki alijifunika uso kwa shuka asionekane analia.

Eliasi hakubishana na daktari. Ila siku ya kuangaliwa kidonda alikuja na vipulizio viwili, ile midomo ya shaba ya kupulizia, amevifunga kwenye leso.

"Daktari, hiki kidogo cha tarumbeta kinakandamiza meno ya mbele. Na hiki kikubwa cha besi?"

Daktari alimwambia Namnyaki akiweke mdomoni bila kupuliza, akachungulia kutoka upande huu na huu.

"Hiki kinaegemea mbali kidogo na jino," akasema. "Tusubiri. Picha ijayo ikionyesha mzizi hauliwi tena, ajaribu, kwa upole."

Baada ya mavuno picha ilionyesha mzizi umetulia. Sasa, besi ilikuwa moja tu usharika mzima. Eliasi aliipangusa, akamkabidhi Namnyaki, akajitwika ngoma kubwa ambayo hakuwahi kuipiga maishani.

"Mwalimu mzima unashuka kwenye ngoma?" wazee wa kanisa wakamshangaa.

"Ngoma haichagui mtu," akajibu.

Ilimpa taabu. Alifanya mazoezi shambani kwa kupiga debe, majirani wakimcheka, naye akicheka nao. Nalepo, kwa upande wake, aliwapeleka wadogo wote wa Namnyaki kuangaliwa meno, akawavuta na majirani wawili.

Krismasi bendi ilipita barabarani ikielekea kanisani. Namnyaki alikuwa karibu kumezwa na besi, lakini sauti ilitoka nene na imara, na jino lake, limepauka kidogo, lilikuwa mahali pake. Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi akageuka.

"Mwalimu, unakimbia. Unatuacha."

"Haya, mama," Eliasi akasema, akapunguza mwendo wa ngoma.