Spika Zilizotoka Baa

Nimeambiwa mara nyingi kwamba niliingiza baa nyumbani kwa mama yangu. Wengi wa waliosema hivyo wameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu, lakini watoto wao bado hulirudia kwa kicheko tukikutana harusini. Sikuingiza baa. Niliingiza spika mbili ndogo za mbao, nikaziweka kwenye rafu ya vitabu ya marehemu baba. Nikiulizwa leo kama ningefanya tena, jibu langu ni lile lile.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, hoteli zilipokuwa zikijengwa moja baada ya nyingine ufuoni Diani. Waya wa umeme uliokuwa ukipelekwa huko ulipita karibu na nyumba yetu Ukunda, nasi tukaunganishiwa. Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo katika mojawapo ya hoteli hizo. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani kumtunza mama, na kila asubuhi nikiwasomesha wasichana katika chumba cha nyuma cha msikiti. Darasa hilo nilipewa na ami yangu, mdogo wa marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa msikiti ule na aliyenisomesha mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo.

Mama alisomeshwa na babake, jambo ambalo wasichana wengi wa Kidigo wa rika lake hawakulipata. Alikuwa amehifadhi juzuu nyingi. Lakini macho yalimwisha, kwanza yakaingia ukungu, kisha hata mwanga wa dirisha akawa hauoni. Msahafu ukabaki kwake kitu cha kubusu. Angeweza kusoma kwa moyo, ila kifua nacho kilikuwa kimedhoofika. Aya ndefu zilimkatikia katikati, akavuta pumzi mahali pasipofaa, akapotea, akarudi mwanzo, akapotea tena. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani mikono mapajani, amenyamaza. Akaniambia anaogopa kufa akiwa amesahau. Hakulia. Alilisema kwa utulivu, kama anayenijulisha kwamba chumvi imekwisha.

Redio haikumfaa. Kisomo kilikuwa cha muda mfupi alfajiri, na mara nyingi kilifunikwa na mvumo. Ndipo meneja mmoja mzungu wa pale hotelini alipoondoka kurudi kwao, na mdogo wangu akanunua kinanda chake cha kupigia sahani za santuri pamoja na amplifaya ya kukuza sauti. Mwanamke jirani yetu aliyerudi kutoka kuhiji alituazima sahani moja kubwa ya msomaji wa Misri. Kilichobaki kilikuwa spika.

Hapo mdogo wangu akaleta jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya kutoka duka la Mombasa, aliivusha kwa feri ya Likoni ikiwa imefungwa vizuri ndani ya boksi. Mbele ilikuwa na wavu unaong'aa na ukanda wa rangi ya dhahabu. Ya pili alipewa bure hotelini, kwa sababu baa ilikuwa inatengenezwa upya na vitu vya zamani vinatolewa. Hizo zilikuwa ndogo zaidi, mbao zimefifia, na vitambaa vya mbele vinanuka sigara na pombe. Alisema jozi moja ibaki kwetu, nyingine ataipeleka kwa wakwe zake Waa, ambao walikuwa na harusi Ijumaa ile. Kwa mawazo yake, zile za baa ndizo za kwenda harusini.

Niseme kidogo juu ya spika hizo, kwa kuwa vijana wa leo wamezoea spika zenye mashine ndani yake. Zile hazikuwa na nguvu zao wenyewe. Ni sanduku, koni ya karatasi na waya, basi. Nguvu zote zilitoka kwenye amplifaya. Zikipewa sauti husema, zisipopewa hunyamaza. Mimi nilizipenda kwa hilo.

Mdogo wangu alizijaribu kwanza kwa taarabu. Zile mpya zilivuma mpaka vikombe kabatini vikalia, na majirani wawili wakasimama mlangoni wakitikisa mabega. Akanigeukia akicheka.

"Dada, umeona? Ngoma inakupiga kifuani."

Nikamwambia kifua cha mama hakihitaji kupigwa.

Habari ilimfikia ami kabla ya jua kufika kichwani. Alikuja, nikampa shikamoo, akaitikia, akakataa kuketi. Aliinama mbele ya zile spika kuukuu akanusa kitambaa. Akasema zile mpya anaweza kuzivumilia, ingawa hazipendi, lakini sanduku lililokaa miaka baa haliwezi kutoa maneno ya Mola, tena liwekwe kwenye rafu ya vitabu vya kakake. Akasema kama ninataka kuendelea kusomesha watoto wa watu, nizitoe.

Nilimheshimu ami yangu, na hata sasa ninamwombea dua. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, tukiwa tumekaa mkekani, kwamba najisi ni kitu, na kitu huoshwa kwa maji mpaka iondoke rangi yake, ladha yake na harufu yake. Hakutufundisha kwamba najisi ni kumbukumbu. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeinamisha macho. Akanigeukia.

"Umesoma ili unijibu?"

"Nimesoma kwako, ami."

Akaondoka. Nami nikachukua bisibisi ya mdogo wangu nikavifungua vile vitambaa. Nilivifua kwa sabuni mara ya kwanza, mara ya pili, maji yakitoka rangi ya chai. Mara ya tatu vikachanika. Nikavitupa, nikaenda dukani nikanunua kipande cha melimeli nyeupe, nyembamba ya kupitisha sauti, nikaishona pembeni na kuitandaza mbele ya kila sanduku. Mbao nikazipangusa kwa kitambaa kibichi mara kadhaa na kuzianika kivulini. Nilipozinusa jioni, zilinuka mbao tu.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuamua, kwa sababu kesho yake jozi moja ilikuwa lazima ifike Waa. Nilimwambia mdogo wangu kwamba atakayechagua ni mama, kwa kuwa ndiye atakayesikiliza, na kwamba asiambiwe zipi ni zipi. Macho yake hayakuwa na la kumdanganya: hakuona dhahabu wala melimeli. Nilituma salamu kwa ami pia, nikimkaribisha baada ya swala ya alasiri. Sikutaka aseme nilifanya kwa kificho. Akaja. Safari hii alikubali kiti, lakini alikiweka karibu na mlango.

Mdogo wangu alikuwa amefundishwa na fundi wa redio jinsi ya kulinganisha spika. Unapiga sahani, ukifika katikati unahamisha waya haraka kutoka jozi hii kwenda ile, sikio likiwa bado na ukumbusho wa ile ya kwanza. Alikuwa ameshaandaa nyaya zake, nyekundu na nyeusi, ameziambua ncha. Nikamkatalia. Kwa taarabu afanye atakavyo, lakini aya haikatwi katikati kwa ajili ya kupima mbao. Tutasikiliza upande mzima wa sahani kwa jozi ya kwanza, kisha tutabadilisha nyaya, kisha upande ule ule kwa jozi ya pili. Na kisomo kikiwa hewani, hakuna atakayefungua kinywa kusema hili zuri au hili baya. Akasema tutakuwa hapo mpaka magharibi. Nikamwambia hakuna mahali pengine ninapotakiwa.

Nilikataa jambo jingine pia. Kwa kiasi kile kile cha amplifaya, zile mpya zilipaza sauti kuliko zile kuukuu, na ndiyo maana kila mpita njia alizipenda. Kule darasani nilikuwa nimeshajifunza kwamba msichana anayepiga kelele huonekana msomaji bora mpaka umsikilize. Kwa hiyo nilimfanya mdogo wangu azipunguze zile mpya mpaka sauti zikalingana, na nikaweka alama za penseli mahali pa kuzungushia. Alininung'unikia kwamba ninazionea. Ami, kwa mara ya kwanza wiki ile, alitikisa kichwa kukubaliana nami, kisha akajizuia.

Tukaanza na zile mpya. Sauti ilijaza chumba, nene, tamu, inayotiririka. Mama alikaa mkekani, midomo ikifuata bila sauti. Nilimwona akifuata vizuri aya za mwanzo, kisha zikaja ndefu, naye akavuta pumzi, na alipomaliza kuvuta msomaji alikuwa mbali. Midomo ikasimama. Ikatafuta mahali pa kuingilia. Ikasimama tena. Alikaa hivyo mpaka mwisho wa upande, uso wake ukiwa na adabu ya mgeni aliyepewa chakula asichokiweza.

Mdogo wangu alibadilisha nyaya. Alifanya kwa haraka, nikamwambia taratibu. Sindano ikashuka.

Zile kuukuu hazikujaza chumba. Msomaji alikuwa mmoja, amekaa mahali pamoja, kwenye rafu, katikati ya vitabu vya baba. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo kuliko tulivyozoea, na herufi za kooni zilitoka mahali pake, moja moja. Kisha kabla ya aya ya kwanza ndefu nikakisikia kitu ambacho sikukisikia kabisa mara ya kwanza. Msomaji alivuta pumzi. Hewa iliingia puani mwake, ndefu, kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo. Mama akainua kidevu. Akavuta pumzi naye.

Walisoma pamoja upande wote. Kila msomaji alipovuta, mama alivuta, na kila aliposimama, mama alisimama. Mara mbili alibaki nyuma, lakini pumzi iliyofuata ikamkusanya akarudi njiani. Nilitaka kumtazama ami, sikuthubutu kuhamisha macho.

Sahani ilipokwisha, mdogo wangu akainua sindano. Nilimwuliza mama anataka zipi.

"Za pili. Huyu anavuta pumzi."

Ami akakohoa. "Shemeji, hizo ulizozichagua zimetoka baa."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yake. Walikuwa na utani wao wa shemeji tangu ujana, na sote tulijua kwamba ami, kabla ya kurudi kwao na kushika elimu, alifanya kazi Mombasa katika kilabu cha wazungu akiosha glasi. Halikuwa jambo la siri, ila halikutajwa.

"Na wewe shemeji ulitoka wapi?" mama akasema. "Tulikuosha tukakupa msikiti."

Mdogo wangu alitoka mbio uani ili asicheke mbele ya mkubwa. Ami alinyanyuka, akaaga kwa maneno yote yanayostahili, na chai ikabaki kama ilivyo. Jozi mpya ikaenda Waa asubuhi, na nasikia ilipendeza sana harusini.

Jumamosi nilipofika msikitini nilikuta mtu mwingine amekaa mahali pangu. Ami alikuwa mtu wa neno lake. Sikugombana. Nilirudi nyumbani, na kabla ya wiki kwisha wasichana sita walikuwa wamekaa ukumbini kwetu na vibao vyao, na mama akiwasahihisha kutoka chumbani bila kuwaona. Waliotusema walisema. Kuna aliyemwuliza mdogo wangu kama siku hizi kwetu tunauza bia ya baridi au ya moto.

Ilipita miezi. Mama alijifunza kuweka sahani na kushusha sindano kwa kupapasa, na alimaliza juzuu alizokuwa akiogopa kuzisahau, moja baada ya nyingine. Mdogo wangu alikuwa akimtafutia sahani kila alipokwenda Mombasa.

Ndipo ami alipokuja tena, asubuhi moja, akavua viatu, akaketi kibarazani. Sauti yake haikuwa ya ukali. Alisema watu wanataka nirudi msikitini, naye hana kinyongo, kinachotakiwa ni neno moja tu dogo.

"Niombe radhi, mwanangu, nikurudishie darasa lako."

"Ami, heshima yako ninakupa kila siku. Radhi kwa jambo hili sina."

Akasimama. Alikuwa ameanza kuniambia kwamba kiburi cha mwanamke msomi, na sijui alitaka kumalizia vipi, kwa sababu ndani mama alikuwa ameshashusha sindano. Pumzi ikasikika dirishani, kisha kisomo kikaanza.

Ami alifumba kinywa. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kisomo hakisemewi juu yake, wala mtu haondoki aya ikiwa katikati. Alibaki amesimama kwa aya mbili, kiatu kimoja mkononi. Kisha akaketi, akakiweka kiatu chini taratibu kisigonge saruji, akainamisha kichwa. Nami nikaketi upande wa pili wa kibaraza. Tulikaa hivyo upande mzima wa sahani, na nilipomtazama kwa pembe ya jicho, kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka na pumzi za msomaji.

Sindano ilipoinuliwa, mama aliita kutoka ndani.

"Shemeji, umemsikia anavyovuta?"

"Nimemsikia," ami akasema.

Akavaa viatu vyake akaenda zake. Darasa hakunirudishia, nami sikuliomba.